Tafi, Joto na Misitu Inayotoweka Chini ya Bahari

Katika miaka ya 1980, watafiti waliopima mwambao wa Dhofar, kusini mwa Oman, walikuta karibu na mji mdogo wa wavuvi wa Sadah mmea ambao si wa kutarajiwa katika Bahari ya Uarabuni. Ilikuwa kelpi, mwani mkubwa wa kahawia unaojishikiza mwambani, ukasimama kwa shina lake na kutandaza majani mapana majini. Kelpi ni ya bahari za baridi. Hupatikana Norway, Chile, California, Tasmania na Afrika Kusini, na pale inapostawi hufanya msitu kamili, wenye kivuli na wakazi wake wa samaki, kamba na konokono. Aina iliyoonekana Sadah, Ecklonia radiata, imeenea Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kaskazini mwa ikweta haijathibitishwa popote pengine isipokuwa hapo.

Mwaka 2022 kundi la wanasayansi lilichapisha matokeo ya msako mpya. Walizamia palepale, wasione hata shina moja. Kilichobaki ni vipande vilivyokaushwa zamani na kuhifadhiwa katika makusanyo ya mimea. Vinasaba vilivyotolewa humo vilithibitisha kwamba mmea huo ulikuwa kweli Ecklonia radiata, tena vikaonyesha kwamba sehemu ya kelpi ya Oman ilikuwa na ukoo usioonekana katika kelpi yoyote iliyo hai kusini mwa dunia. Msitu huo ulikwisha bila mtu kuandika mwaka wala msimu.

Sababu ya kelpi kuishi kando ya jangwa ni upepo ambao kila mtu wa pwani anaujua: kusi. Kuanzia Juni hadi Septemba kusi huvuma kwa nguvu sambamba na pwani ya Somalia na ya Dhofar, na kwa kuwa dunia inazunguka, maji ya juu husukumwa mbali na nchi kavu. Nafasi yake huchukuliwa na maji ya kilindini, ya baridi na yenye virutubisho tele. Wakati Muscat inaungua kwa jua la kiangazi, bahari ya Dhofar hushuka chini ya nyuzi 20. Ni upepo huohuo uliorudisha majahazi ya Sur, bandari ya Oman, kutoka Zanzibar, Mombasa na Lamu kwa karne nyingi, na ndio unaoleta ukungu na manyunyu ambayo watu wa Salalah huyaita kharifu. Kelpi ya Sadah iliishi kwa baridi hiyo ya msimu tu. Kwa muda wa miaka 40 joto la Bahari ya Uarabuni limepanda, na kuna misimu ambayo maji ya kilindini yalipanda kwa udhaifu. Wanasayansi wale wanaona hiyo ndiyo sababu inayoelekea zaidi ya msitu ule kutoweka.

Hali hiyo si ya Oman peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba joto la kiangazi katika Bahari Hindi ya magharibi, yaani bahari iliyo mbele ya Mogadishu, Mombasa na Zanzibar, lilipanda kwa karibu nyuzi 1.2 kati ya mwaka 1901 na 2012. Ongezeko hilo ni kubwa kuliko la sehemu nyingi za bahari za joto duniani. Kwa mtu aliyeko nchi kavu nyuzi moja ni tofauti ya asubuhi na saa nne. Kwa mmea uliokwisha kufika ukingoni mwa uvumilivu wake, inatosha kuumaliza.

Habari hizi za bahari zinafika hata bara la Kenya. Eldoret iko takribani meta 2,100 juu ya usawa wa bahari, na lori la mizigo kutoka Mombasa husafiri karibu kilomita 800 hadi kulifikia jiji hilo. Hata hivyo bahari haiko mbali nalo kiasi hicho. Katika kliniki ya meno, poda anayoikoroga daktari kwa maji ili kupata umbo la taya la mgonjwa ni alginati, nayo hutolewa kwenye mwani wa kahawia, kelpi ikiwemo. Alginati hiyohiyo hukoleza rangi za kuchapia vitambaa, kazi inayoeleweka vyema katika mji ulioishi na kiwanda cha Rivatex tangu miaka ya 1970. Mkulima wa Uasin Gishu anayeingia agrovet kutafuta mbolea ya kupulizia majani hukuta humo chupa za dondoo ya mwani, na mojawapo ya mimea inayotumika sana duniani kwa dondoo hizo ni Ecklonia maxima, kelpi ya Afrika Kusini.

Halafu kuna mvua. Bahari Hindi ya magharibi ikipata joto kupita kawaida, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2019, Kenya hunyeshewa kwa fujo kati ya Oktoba na Desemba. Mvua hiyo huwakuta wakulima wa North Rift na mahindi yakiwa bado shambani au juu ya turubai za kuanikia. Joto lile linalosumbua mimea ya baharini ndilo linaloozesha mahindi huku juu. Isitoshe, Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa kampasi ya Chepkoilel ya Chuo Kikuu cha Moi kabla ya kupewa hati yake mwaka 2013, kina idara ya uvuvi na sayansi za majini. Wanafunzi waliokulia kati ya ngano na ng'ombe wa maziwa hujifunza hapo maisha ya samaki na mimea ya majini. Swali la kelpi ni halali yao kama lilivyo la kijana wa Shimoni.

Swali lenyewe ni hili: joto linauaje msitu wa baharini? Jibu la haraka ni kwamba linaupika. Ushahidi uliokusanywa katika miaka ishirini iliyopita unaeleza habari ndefu zaidi, yenye wahusika wenye meno.

Mwanzoni mwa 2011, mkondo wa maji ya joto ulishuka kwa nguvu isiyo ya kawaida kando ya Australia Magharibi. Bahari ilizidi wastani wake kwa nyuzi mbili hadi nne kwa wiki kadhaa. Misitu ya Ecklonia radiata, mmea uleule wa Sadah, iliteketea. Kwenye ukingo wake wa kaskazini, karibu na Kalbarri, kiasi cha kilomita 100 za pwani zilibaki bila kelpi. Hadi hapo joto lilikuwa limefanya kazi yake peke yake. Lakini maji yalipopoa miaka iliyofuata, msitu haukurudi. Miamba iliyokuwa na kelpi ilivikwa zulia fupi la mwani laini, na samaki wa bahari ya joto waliokuja na mkondo ule walikuwa wamehamia kabisa. Kila chipukizi la kelpi lililothubutu kuota lilitafunwa. Miongoni mwa watafunaji hao walikuwamo tafi.

Tafi hahitaji kujulishwa kwa mtu wa pwani ya Kenya. Ni samaki bapa, mwenye mdomo mdogo na miiba ya mgongoni yenye sumu inayochoma vibaya mkono wa mvuvi asiyejihadhari. Huvuliwa kwa malema kutoka Vanga hadi Lamu, na akikaangwa au kupakwa nazi hana mpinzani wa bei yake. Kazi yake baharini ni kula mwani na nyasi za bahari, na kwa kazi hiyo huizuia miamba ya matumbawe isifunikwe. Mwanasayansi wa matumbawe akiulizwa kuhusu tafi atamsifu.

Mvuvi wa kusini mwa Uturuki ana habari nyingine. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869, na kupitia humo viumbe wa Bahari ya Shamu wamekuwa wakiingia Bahari ya Kati kwa mamia. Katika karne ya 20 waliingia tafi wa aina mbili, Siganus rivulatus na Siganus luridus. Huyu wa pili ana makao yake ya asili pia katika pwani ya Afrika Mashariki. Huko Uturuki na Ugiriki hawakukuta mla mwani wa kiwango chao. Misitu ya mwani wa kahawia aina ya Cystoseira, ambayo katika Bahari ya Kati hushika nafasi ya kelpi, ililiwa hadi mwamba ukabaki mtupu. Watafiti waliopima zaidi ya kilomita 1,000 za pwani hiyo waliona kwamba mahali palipojaa tafi, mwani mkubwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 65 ukilinganisha na mahali wasipokuwa wengi. Wengine waliweka vizimba vya wavu juu ya mwamba ili samaki wasifike, na ndani ya vizimba hivyo mwani ukaota tena. Jaribio hilo lina uzito wake. Maji ndani na nje ya kizimba yalikuwa ya joto lilelile, na tofauti pekee ilikuwa mdomo wa samaki.

Kwa hiyo spishi vamizi si lazima iwe na ubaya wa kuzaliwa nao. Tafi aliyeko Msambweni anaishi kati ya papa, chewa, wavuvi na mimea iliyozoea kuliwa naye kwa milenia nyingi. Akivushwa mahali pasipo na hao, tabia ileile inayolinda mwamba wa matumbawe inaangamiza msitu. Watu wa magharibi mwa Kenya waliona jambo la namna hiyo miaka ya 1990, magugu maji kutoka Amerika ya Kusini yalipofunga ghuba ya Winam hadi boti za Kisumu zikashindwa kutoka. Kwao huko Amazon magugu hayo ni ua la kawaida la mtoni.

Kuna njia mbili za mgeni kufika. Ya kwanza ni kubebwa: chini ya meli, ndani ya maji ya kusawazishia meli ambayo huchotwa bandari moja na kumwagwa nyingine, au pamoja na chaza na mwani wa kufugwa. Mwani wa Kijapani uitwao wakame, Undaria pinnatifida, ulionekana Ufaransa mwaka 1971 katika ziwa la pwani ambamo chaza hufugwa, na New Zealand mwaka 1987. Wenyewe ni wa jamii ya kelpi, na umo katika orodha ya spishi vamizi 100 mbaya zaidi duniani. Njia ya pili ni kuhama wenyewe, kwa sababu maji ya huko mbele yamepata joto la kuwafaa. Mipaka ya kisheria inashughulikia ile ya kwanza. Mkataba wa kimataifa wa maji ya kusawazishia meli ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Septemba 2017, na bandari ya Mombasa, kama zilivyo bandari zote kubwa, ina kila sababu ya kuutekeleza kwa ukali. Kwa njia ya pili hakuna afisa wa forodha.

Mahali njia hizo mbili zinapokutana pabaya zaidi ni kwenye pwani ya mashariki ya Kanada na Marekani. Mnyama mdogo wa makoloni, Membranipora membranacea, aliyeletwa kutoka Ulaya, alianza kuonekana upande huo mwishoni mwa miaka ya 1980. Hujenga tabaka jembamba jeupe juu ya jani la kelpi, likawa kama kigaga. Jani lililofunikwa hukosa unyumbufu, na dhoruba ya kwanza ya msimu hulivunja. Miaka yenye maji ya joto zaidi ndiyo miaka anayozaana kwa wingi. Mgeni aliletwa na watu, kisha joto likampa nguvu, na mawimbi yakamalizia. Mtu akitafuta sababu moja ya kulaumu hapo hataipata.

Tasmania inaonyesha sura nyingine. Nungu bahari wa miiba mirefu, Centrostephanus rodgersii, ni mwenyeji wa pwani ya New South Wales. Viluwiluwi wake hawawezi kukua maji yanaposhuka chini ya nyuzi 12 hivi wakati wa baridi. Mkondo wa mashariki mwa Australia uliposukuma maji ya joto kusini zaidi, kizuizi hicho kiliondoka, na mwaka 1978 nungu huyo akaonekana Tasmania. Tangu hapo amezigeuza sehemu kubwa za miamba kuwa uwanja mtupu. Kelpi kubwa kuliko zote, Macrocystis, imepungua huko kwa kiasi cha asilimia 95, na mwaka 2012 serikali ya Australia iliitangaza misitu hiyo kuwa hatarini. Adui mkuu wa nungu huyo ni kamba-mawe mkubwa. Kamba-mawe wakubwa walikuwa wameshavuliwa kwa miongo mingi, kwa hiyo mgeni alipofika mlango haukuwa na bawabu.

Kaskazini mwa California mambo yalikwenda kasi zaidi. Mwaka 2013 ugonjwa ulianza kuwamaliza viti vya pwani, akiwemo yule mkubwa wa miguu mingi anayekula nungu bahari. Kati ya 2014 na 2016 wimbi la joto lilitanda katika Pasifiki. Nungu wa zambarau, ambao ni wenyeji wa huko, walizaana bila kizuizi, na zaidi ya asilimia 90 ya kelpi ilitoweka kwenye mamia ya kilomita za pwani. Uvuvi wa burudani wa abaloni wekundu, konokono wanaoishi kwa kula kelpi, ulifungwa mwaka 2018. Watu wa Mirbat na Hasik, ambao abaloni wa Dhofar ni mali yao ya miaka mingi, hawahitaji kuelezwa maana ya konokono hao kukosa mwani.

Mifano hii ikiwekwa pamoja, inaonyesha utaratibu unaojirudia. Joto huudhoofisha msitu au kuuangusha mara moja, kwa wiki chache za ukali. Walaji, wawe wameletwa, wamehama au ni wenyeji waliopoteza maadui wao, huuzuia usiinuke tena kwa miaka mingi. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa anayetaka kufanya jambo. Hakuna kaunti wala nchi moja inayoweza kupoza bahari. Idadi ya walaji inaweza kuguswa na watu wa mahali.

Pwani ya Kenya haina kelpi. Ina nyasi za bahari, ina matumbawe, na ina mwani wa aina nyingi, na utaratibu huohuo umeshaandikwa huko kwa ushahidi wa miaka mingi. Tangu miaka ya 1980 mtafiti Tim McClanahan na wenzake wamekuwa wakihesabu samaki na nungu bahari kwenye miamba inayovuliwa na ile ya hifadhi za Malindi, Watamu, Kisite na Mombasa. Waliona kwamba mlinzi mkuu ni kikande, hasa aina ya Balistapus undulatus, ambaye ana taya za kuvunjia miiba na magamba. Kikande akivuliwa hadi kuisha, nungu bahari hujaa, hukwangua mwamba, na matumbawe machanga hayapati pa kukaa. Hifadhi ikiwekwa, kikande hurudi polepole sana na nungu hupungua. Kikande si samaki wa bei kubwa. Thamani yake yote iko katika anachokula, na hilo halionekani kwenye mizani ya bandani.

Kwenye nyasi za bahari habari ni ileile. Diani ni mfano unaojulikana: nungu aina ya Tripneustes gratilla walikusanyika kwa wingi na kutafuna mashamba ya Thalassodendron ciliatum, ile nyasi yenye shina gumu la mti, hadi mchanga ukabaki wazi. Nyasi hiyo hukua taratibu na haipandwi ikashika kirahisi. Kipimo cha picha za setilaiti kilichochapishwa mwaka 2018 kilikadiria kwamba Kenya ilikuwa na kilomita za mraba 317 za nyasi za bahari mwaka 2016. Kabla ya mwaka 2000 zilikuwa zikipotea kwa kasi ya asilimia 0.29 kwa mwaka. Baada ya hapo kasi ilipanda hadi asilimia 1.59. Humo ndimo tafi wachanga, kamba na kasa hulelewa na kula. Katika kisiwa cha Wasini wanajamii wamekuwa wakipandikiza nyasi hizo pamoja na watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, kazi ya mikono inayofanywa maji yanapokupwa.

Kuhusu matumbawe maelezo yanaweza kuwa mafupi, kwa kuwa yameandikwa mara nyingi: joto la El Niño la 1998 liliua kati ya nusu na asilimia 90 ya matumbawe katika miamba mingi ya Kenya, na kupauka kumerudi tangu hapo, mwaka 2016 na tena 2024. Linalosahaulika ni nani anayeamua kitakachoota juu ya tumbawe lililokufa. Ni tafi, pono na kangaja wanaokula mwani, pamoja na kikande anayewazuia nungu. Samaki yule anayeitwa mharibifu huko Antalya, kusini mwa Uturuki, ndiye tegemeo la mwamba wa Kiunga na wa Kisite.

Mwani unaolimwa ni sehemu ya habari hii pia, ingawa mara nyingi huelezwa kama habari ya biashara tu. Mwaka 1989 mbegu za mwani mwekundu kutoka Ufilipino zilipandwa Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja. Zilikuwa za aina mbili, zinazojulikana sokoni kama spinosum na cottonii. Kilimo hicho kimewapa kipato wakulima zaidi ya 20,000 wa Zanzibar, wengi wao wanawake, na kikavuka hadi Kwale, ambako kina mama wa Kibuyuni wamekifanya kuwa kazi inayotegemewa. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri. Kuanzia miaka ya 2000 ilianza kufa katika vijiji vingi vya Unguja. Maji ya kina kifupi yakipata joto la mchana, matawi hupauka, hulainika na kukatika, ugonjwa ambao wakulima huuita aisiaisi. Mwani mwembamba kama nyuzi huota juu yake na kumaliza kilichobaki. Dakta Flower Msuya wa Zanzibar, aliyetumia miaka mingi pamoja na wakulima hao, amehimiza mashamba yasogezwe maji ya kina na mwani uwekwe ndani ya nyavu za bomba. Ushauri huo ni sahihi kisayansi, lakini una gharama ya kijamii: unamtaka mwanamke aliyekuwa akitembea hadi shambani kwa miguu sasa awe na boti na ajue kuogelea.

Mbegu hizo zenyewe ni wageni. Huko Hawaii, katika ghuba ya Kāneʻohe, jamaa zao zilizoletwa miaka ya 1970 zilitoka mashambani na kufunika matumbawe yaliyo hai. Katika ghuba ya Mannar, kusini mwa India, cottonii ilifanya vivyo hivyo kwenye kisiwa cha Kurusadai. Afrika Mashariki haijaona balaa la kiwango hicho, lakini vipimo vya vinasaba vimekuta mwani wa ukoo wa Asia ukiishi wenyewe kwenye miamba ya Tanzania, kando ya ndugu zake wa asili. Na kuna hatari ya pili, ya ndani. Mwani wa shambani hupandwa kwa vipande vya mmea uleule, mwaka hadi mwaka, kwa hiyo mashamba mengi ni mmea mmoja uliorudiwa mara mamilioni. Mmea huo ukishindwa na nyuzi 32, yote yanashindwa pamoja.

Si kila kelpi inarudi nyuma. Mwaka 2006 Ecklonia maxima ilionekana De Hoop, mashariki ya mpaka wake wa zamani katika pwani ya kusini ya Afrika Kusini. Maji ya sehemu hiyo yamekuwa yakipoa, kwa sababu pepo zilizobadilika huleta juu maji mengi zaidi ya kilindini. Huku kelpi inapata eneo na kule Dhofar imepoteza, na mahali pote pawili chanzo kinachoelekea zaidi ni kilekile: upepo unaoamua kama maji ya baridi yatapanda au hayatapanda. Anayesema ongezeko la joto duniani litaathiri kila pwani kwa namna moja hajaitazama ramani ya pepo. Mfano huo unatoa sababu ya kupima kila mahali kivyake, kwa vipimajoto vilivyoachwa majini mwaka mzima, badala ya kungoja wastani wa dunia.

Katika mambo yaliyo mikononi mwa watu wa pwani, la kwanza ni malema. Majaribio yaliyofanywa Kenya na kuchapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba lema lenye upenyo mwembamba pembeni huwaacha watoke samaki wachanga na wale bapa wasio na soko, huku samaki wanaobaki wakiwa wakubwa na mvuvi akipata fedha zaidi. Upenyo huo hauhitaji mashine wala mkopo. Hukatwa na fundi yuleyule anayesuka lema. Hatua kama hiyo inastahili kusambazwa na BMU, vikundi vya wavuvi vya kusimamia fuo, kijiji kwa kijiji, pamoja na makubaliano ya kumwachia kikande, kabla ya kutumia fedha nyingi kupandikiza matumbawe mahali ambapo nungu watayakwangua mwezi ujao. Tasmania imechukua njia ya kulipa wazamiaji wavune nungu bahari na kuwauza nje. Kenya inaweza kumwachia samaki afanye kazi hiyo bure.

La pili ni mbegu. Kabla ya 1989 Zanzibar ilikuwa imeuza nje mwani wa porini kwa miongo kadhaa, ukiokotwa miambani, na koo hizo za asili bado zipo kwenye miamba ya Afrika Mashariki. Zimepitia 1998 na 2016 zikiwa hai, bila kamba wala mkulima wa kuzihamisha. Kuzikusanya, kuzikausha sehemu kwa kumbukumbu kama zilivyokaushwa zile za Sadah, na kuziotesha nyingine katika matangi ili ijulikane zipi zinavumilia joto, ni kazi ya maabara za kawaida na vijana wenye subira. KMFRI iko Mombasa, taasisi ya sayansi za bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iko Unguja, na Eldoret ina idara inayofundisha taaluma hiyohiyo. Msimu mzuri wa kukusanya ni kaskazi, bahari inapotulia na maji kupwa mchana.